Nionyeshe na Jokofu la Zahanati

Palikuwa na fundi wa majokofu aliyeshuku mpaka kivuli chake. Akipewa chai, anaonja chai kwanza, halafu anakagua kikombe. Mtaani wakambatiza Nionyeshe.

Binti yake mdogo alipopata chanjo za mwanzo, alishikwa na homa. Nionyeshe akajua: dawa ilikuwa imeharibika. Alishafungua majokofu mengi ambayo taa inawaka vizuri huku nyama ndani inanuka. La zahanati lina nini cha zaidi?

Sasa mtoto ametimiza miezi tisa, umri wa chanjo ya surua, na surua yenyewe imeingia mtaa wa pili. Mkewe alibembeleza, akanuna, mwisho akambeba mtoto.

"Mimi nakwenda, baba watoto. Wewe baki na shaka zako."

Nionyeshe akachukua kipimajoto chake cha kazi, akafuata nyuma.

Kule zahanati, alisema wazi kwamba mwanawe hachomwi sindano kabla yeye hajaliona jokofu. Muuguzi akamfungulia. Kipimajoto cha fundi na cha zahanati vikasoma sawasawa. Nionyeshe hakuridhika, akaanza kupapasa mpira wa mlango.

"Baba, funga," muuguzi akasema. "Ukiendelea hivyo, atakayeharibu dawa ni wewe."

Mkewe alicheka mpaka mtoto akashtuka.

Muuguzi akamwonyesha alama kwenye kichupa cha chanjo: duara lenye kimraba ndani. Kimraba kikiwa cheusi kama duara linalokizunguka, dawa imepata joto, inatupwa. Kimraba cha kichupa hiki kilikuwa cheupe.

"Na ile homa, sista?" Nionyeshe akauliza.

"Mwili ulikuwa unajifunza kupigana. Hata hii inaweza kuleta homa na vipele kidogo baada ya wiki hivi. Mzio mkali upo, sikufichi, lakini ni nadra sana. Ndiyo maana mtakaa hapa kwanza tumwangalie. Akizidiwa nyumbani, mleteni mbio. Surua yenyewe inapofusha, na inaua."

Mtoto akachomwa sindano. Nionyeshe alikaa kwenye benchi akimwangalia, hapepesi macho. Mtoto akalala tu.

Baada ya wiki homa ikaja kidogo, ikaondoka. Surua nayo ikapita mtaani kwao, ikalaza watoto wengi. Binti wa fundi alikuwa chini ya meza ya kazi, anatafuna mpini wa bisibisi.

Jirani mmoja akaja na mwanawe, akauliza kwa sauti ya chini kama chanjo ni kitu cha kuaminika.

Nionyeshe akafuta mikono, akachukua kipimajoto.

"Usiniamini mimi," akasema. "Twende ukaone. Ila mlango wa jokofu usiuguse."