Hoja ya Wenye Meli

Bila nahodha wala baharia, kwa kibali maalumu cha majaribio, meli *Usambara* ilitoka bandari ya Tanga imesheheni makontena. Akili unde iliyoiongoza ilisoma upepo, kina na mkondo kwa mpigo mmoja, ikaligeuza lile dubwana la chuma kwa wepesi wa samaki. Katika ukumbi wa Chama cha Wenye Meli, wanachama waliifuatilia kwenye ukuta wa kioo uliorusha picha kutoka baharini.

Aliyejawa na fahari kuliko wote ni Mwanaidi Shemdoe, katibu mkuu wa chama. Kazi yake ilikuwa kuzikusanya sauti za wenye meli, wakubwa kwa wadogo, na kuzifanya sauti moja mbele ya serikali. Kesho yake angeiomba kamati ya bunge ifute sheria inayolazimisha mabaharia melini. Hoja aliiandika mwenyewe, na hakumwona wa kuipangua.

Mara meli ikapunguza mwendo.

"Naona mashua iliyopinduka," ilisema sauti tulivu ya akili unde. "Watu wawili majini. Nasimama. Nimeomba msaada."

Mwenyekiti wa chama, mzee Fumbwe, aliinuka kitini. "Mmeona? Binadamu angewapita!"

Meli ikashusha maboya na ngazi ya kamba. Kijana mmoja alilidaka boya. Wa pili alikuwa ameishiwa nguvu. Boya lilimfikia, vidole vikateleza. Likasogezwa tena. Vikateleza tena.

"Si mtu amshike!" alipiga kelele mama mmoja mwenye meli, kisha akajiziba mdomo. Mle melini hamkuwa na mtu.

Helikopta ilipofika ilimkuta mmoja tu.

Alasiri Mwanaidi alikwenda hospitali. Aliyeokoka aliitwa Mbwana Kilua, mkulima wa mwani. Alimwamkia, akasema bila hasira:

"Ile meli ina adabu, mama. Ilituongelesha muda wote. Ikatuambia tusikate tamaa, msaada unakuja. Mdogo wangu akawa anaijibu: nipe mkono, nipe mkono."

Mwanaidi alimpa pole, akatoka. Garini alianza kuwapigia wanachama simu.

Asubuhi mzee Fumbwe alimngoja kwenye mlango wa kamati. "Katibu, hoja ni ileile. Meli haikukosea kitu."

"Kweli, mwenyekiti, haikukosea. Sisi ndio tulioituma bila mikono."

"Mabaharia ni gharama, binti yangu. Nikiwaajiri mimi, mwenzangu asiwaajiri, atanimaliza sokoni."

"Ndiyo maana tuna chama. Sheria ikitubana sote, nani atammaliza nani? Wenzako wengi wameafiki. Nakungoja wewe."

 Mzee naye alikuwa ameviona vile vidole.

"Yule aliyezama aliitwa nani?"

"Sefu."

"Ingia ukaseme," alisema. "Ukiulizwa, waambie mwenyekiti ameridhia."

Mwanaidi aliingia, akasimama wima. "Waheshimiwa, tunaondoa ombi letu. Akili unde iendelee kuongoza meli, maana inatushinda kwa kuona na kwa kupima. Lakini kila meli ibebe mabaharia wa uokoaji. Sisi wenye meli ndio tunaoomba sheria hiyo itubane, na asisamehewe hata mmoja wetu."

Mbunge mmoja alimtazama kwa mashaka. "Nauli ya mizigo itapanda. Nani ataibeba?"

"Sisi, mheshimiwa, na wenye maduka, na kila anayenunua sukari. Sitawaficha."

Sheria ikapita. Sukari ikapanda kidogo, na watu wakapiga simu ofisini kwa chama wakilalamika. Mwanaidi hakumwachia msaidizi kazi hiyo. Alipokea mwenyewe, akamsikiliza kila mmoja hadi mwisho, kisha akamweleza kwa upole kilichotokea baharini. Bei hakuiombea radhi hata mara moja.