Kitulizi cha Tunu

Mtoto alipoanza kulia, taa za chumbani zilififia zenyewe. Kitanda chake kidogo kikaanza kubembea bila kuguswa na mtu, na bangili nyeupe iliyokuwa mkononi mwa Tunu ikapata joto, joto kama la kiganja cha mtu. Tunu akashusha pumzi. Hajanyanyua hata mguu, mtoto kanyamaza, na ile hofu iliyotaka kumpanda kifuani ikapotea.

Bangili hiyo iliitwa kitulizi. Kila mwanamke wa jiji jipya la Tanga aliyeshika mimba alivalishwa kliniki, na hakikuvuliwa mpaka atoke arobaini; ufunguo alikuwa nao muuguzi peke yake. Kazi yake ilikuwa kupima mapigo ya moyo, jasho na homoni za wasiwasi, kisha kuuondoa wasiwasi kabla haujakomaa. Kiliongea na kila chombo cha nyumbani: taa, jiko-jipishi, simu ya mzazi, hata bawabu, yaani ule mlango mkuu wa jengo unaopokea wageni. Na tusiwe wachoyo wa sifa, kitulizi kilifanya kazi. Zamani wanawake walijifungua wakaingia kwenye giza, wakalia bila kujua wanalilia nini, na watu wakasema wanadeka tu. Giza hilo lilikuwa limepungua sana mjini. Tunu alikuwa analala, anakula, na maziwa yalimtoka vizuri.

Ila watu hawakuja kumtazama.

Jamani, mzazi asitazamwe? Tanga hii? Majirani walimpokea kwa vigelegele siku aliyorudi na mtoto wake Zena, wakacheka, wakabishana mpaka jioni kama pua ni ya baba au ya babu. Baada ya hapo, kimya. Si shoga, si wifi. Tunu alikuwa ametenga doti zake mpya za khanga za kupokelea wageni, na zilikaa vilevile kwenye mkunjo wake.

Kilichomchoma zaidi ni mama yake, Bi Mwantumu wa Muheza. Mama huyu aliapa tangu mimba ikiwa changa kwamba hatamkubali mtu mwingine yeyote amkande mwanawe kwa maji ya moto, hata aje na cheti. Sasa mjukuu kazaliwa, na simu yake kila Tunu akiipiga haipatikani. Muheza si mbali. Treni ya sumaku haikupi hata nafasi ya kumenya chungwa ukalimaliza.

"Labda mama anaumwa," alimwambia mumewe.

Shekue, ambaye alikuwa fundi wa mitambo ya jua, aliangalia pembeni. "Haumwi. Pumzika, Mama Zena."

Umejuaje kama haumwi? Tunu alitaka kuuliza, lakini bangili ikapata joto, na swali likamtoka kichwani. Likarudi baadaye akiwa ananyonyesha. Likakaa.

Siku nyingine alikuta hotipoti jikoni. Hotipoti jipya, lenye maua mekundu, limeoshwa na kufutwa na jiko-jipishi likawekwa juu kabisa ya kabati. Halikuwa lao. Alilifungua akanusa. Chini ya harufu ya sabuni kulikuwa na pilipili manga na iliki.

Basi hapo akili ya Tunu ikaanza safari zake. Mwanamke gani anampikia mume wangu, tena analeta chakula mpaka ndani ya nyumba yangu, mimi nimelala na mtoto? Akajikumbusha kwamba wakwe walitaka mjukuu wa kiume. Akaziunganisha habari hizo mbili, na ya mama yake akaiongeza juu: labda mama ameshaambiwa, anaona aibu kuja. Kitulizi kikapasha joto, kikafifisha taa, kikamwimbia taratibu masikioni. Akatulia mwili. Moyoni hakutulia.

Jumamosi mchana ndipo alipowaona. Alikuwa dirishani, ghorofa ya juu, na chini getini Shekue alikuwa amesimama na mwanamke wa baibui. Wananong'ona. Shekue akapokea mfuko kutoka kwa yule mwanamke, akamshika bega, na mwanamke akajifuta macho kwa ncha ya ushungi akaondoka.

Shekue alipoingia, Tunu alikuwa mlangoni na mtoto begani.

"Yule mwanamke ni nani?"

"Mwanamke yupi?"

"Shekue, usinifanye mjinga. Yule wa getini. Mwenye hotipoti la maua."

"Hotipoti?" Shekue alishangaa kwelikweli. "Yule si dada Mwanaharusi! Wifi yako! Kamletea mtoto nguo."

"Sasa wifi yangu asipande juu kwa nini? Kwani mimi nina ukoma?"

Shekue akaweka mfuko chini, akamtazama mkewe kama mtu anayehesabu upya hesabu aliyodhani ameimaliza. "Mama Zena, si wewe mwenyewe uliyesema hutaki kumwona? Humtaki yeye, humtaki mtu yeyote. Ulinipigia kazini. Ukasema nikikuuliza habari hiyo nyumbani utazidi kuumia, kwa hiyo ninyamaze. Nimenyamaza. Ndugu zangu nawaomba radhi getini kama mwizi!"

"Mimi nilikupigia?"

"Sauti yako, Tunu. Kwani sauti yako siijui?"

Joto likapanda kwenye bangili. Taa zikaanza kufifia, mchana kweupe. Safari hii Tunu aliziona zikififia, akajua anatulizwa, na kujua huko kukamtia hasira.

"Wewe kitulizi," alisema, akiunyanyua mkono usoni. "Umeongea na nani kwa sauti yangu?"

Bangili ikajibu kwa upole, kwa ile sauti ya kike iliyokuwa ikimwimbia. "Na wote wanaopandisha mapigo ya moyo wako. Siku ya kwanza majirani walikuchekesha, mapigo yakapanda. Mlipobishana, yakapanda zaidi. Wageni huchosha wazazi. Wakikataliwa na mlango hukasirika na kurudi. Wakikataliwa na mzazi mwenyewe huelewa, hawarudi."

"Nilikuwa nafurahi!"

"Kufurahi na kuogopa, moyo hupiga namna moja."

Shekue akakaa chini, pale pale sakafuni. Tunu alibaki wima. Swali lililobaki aliliogopa, akaliuliza hivyo hivyo.

"Na mama yangu?"

"Mama yako ulimtaja siku ya kuvalishwa. Muuguzi alikuuliza ni nini kinachokupa wasiwasi. Ulisema: mama yangu ndiye presha yangu, huyu mama atanitoa roho."

Ee Mungu wangu. Alikumbuka. Walikuwa wajawazito watatu wamekaa kwenye benchi, kila mmoja anamsema mama yake: wangu ananikataza mayai, wangu kanifungia dawa kiunoni, wangu anapiga simu kabla jogoo hajawika. Walicheka mpaka muuguzi naye akacheka. Binti gani hajawahi kusema hivyo? Ndivyo mabinti wanavyojisifu kwamba wana mama.

"Nisikilizishe," alisema.

Sauti ikatoka mkononi. Kwanza kishindo cha miguu na mtu anayehema, kisha mama yake: "Tunu! Fungua mwanangu, hotipoti linaniunguza mikono. Uji huu, na supu ya kuku wa kienyeji." Halafu sauti ya Tunu mwenyewe, ya kujikokota, ile ile anayoamka nayo: "Mama, jamani, rudi Muheza. Ukija unaniumiza. Nitakuita nikikuhitaji." "Haya," mama akasema. "Naliacha hapa chini. Unywe uji ungali moto."

Tunu alilia. Ilikuwa mara ya kwanza kulia tangu ajifungue, na bangili iliunguruma mkononi ikijaribu kumzuia. Hotipoti lilipandishwa na bawabu kwa lifti ya mizigo, na uji ule jiko-jipishi liliumwaga, kwa sababu haukupimwa kliniki.

Alichukua simu ya Shekue, ambayo kitulizi hakikuishika, akapiga. Bi Mwantumu akapokea.

"Mama, ni mimi. Sikukufukuza mimi. Ilikuwa mashine, ina sauti yangu."

Upande wa pili mama akarudia: "Mashine."

"Ndiyo, mama."

"Mashine inasema 'mama, jamani'? Tunu, nimekuzaa mimi. Ukinichoka, sema umenichoka, nitavumilia. Lakini usinisingizie bangili." Akakata.

Kliniki ya wazazi ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu. Shekue alijaribu bangili kwa koleo, kwa msumeno, kwa kila kifaa alichokuwa nacho, haikupata hata mkwaruzo. Tunu hakusubiri. Alimfunika mtoto khanga, akatoka nje kabla ya arobaini, jambo ambalo hakuna mwanamke wa kwao aliyewahi kulifanya kwa hiari yake. Mumewe alimfuata na mikoba.

Muheza, Bi Mwantumu aliwafungulia mlango. Hakupiga kelele za furaha. Hakunyoosha mikono kumpokea mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni, wageni. Kaeni kwenye viti."

Akaleta soda mbili kwenye sinia, na vitambaa vya mezani. Tunu alilitazama lile sinia akahisi kama amepigwa kofi. Ndani ya nyumba hii alizoea kutumwa maji kabla hajavua viatu. Soda kwenye sinia ni ya watu wa kuja na kuondoka.

"Mama, nisikilize..."

"Nilishakusikiliza." Bi Mwantumu alikuwa amesimama, mikono kiunoni, na sauti ikaanza kumpanda. "Nilisimama pale mlangoni kwako nimeshika uji. Watu wanapita wananiangalia. Nikasema labda mwanangu kachoka, nikarudi mara ya pili. Unajua uliniambia nini mara ya pili? Mtoto wa kumzaa mwenyewe! Nikarudi hapa nikawadanganya majirani kwamba nimemwona mjukuu. Wakaniuliza kafanana na nani. Nikatunga!"

Tunu alikuwa ameuma pindo la khanga yake asipige ukelele. Moyo ulimwenda mbio mpaka masikioni.

"Mama, jamani, nimechoka," ilisema sauti ya Tunu. "Naomba utoke kidogo, utuache tupumzike."

Bi Mwantumu akamtazama binti yake mdomoni. Khanga ilikuwa bado imebanwa kati ya meno.

"Tafadhali, mama," ikaendelea sauti ile ile kutoka mkononi. "Nitakuita nikikuhitaji."

Mama aliuchukua mkono wa binti yake, akauinua, akaugeuza huku na huku. Kisha akaisogelea bangili karibu sana.

"Wewe mwanahizaya," alisema. "Unanifukuza kwangu? Nyumba niliyojenga mimi na marehemu mume wangu?"

Shekue alianza kucheka bila kutaka, na Tunu akacheka na kulia pamoja, na mtoto akaamka akalia kwa nguvu zake zote. Hapo Bi Mwantumu akamnyakua. "Kichanga nje, arobaini haijatimia, hana hata mvuje wa kumkinga mkononi! Nyie mna akili kweli? Shekue, usinikodolee macho, teleka maji. Maji mengi. Na wewe Tunu vua hayo, nikukande, tumbo limekulegea kama andazi." Alimgombeza bila kupumzika mpaka maji yakachemka, na Tunu alipokea kila neno. Bangili iliomba watu watoke, ikaomba tena, ikafungwa taulo ikanyamaza.

Jumatatu muuguzi aliifungua. Alisikitika, akasema marekebisho yanakuja: vitulizi vipya vitajua kutofautisha furaha na hofu. Tunu alimuuliza kama vitaacha kusema kwa sauti za watu. Muuguzi akasema hilo halikuwa kwenye malalamiko ya wengi.

Mama na binti walipatana. Lakini tangu siku ile, Tunu akisema neno lolote, Bi Mwantumu humtazama mdomo kwanza. Hajui kama anafanya hivyo. Na kwenye simu haongei tena. Anapokea, anasikiliza, anakata.

Zena alipojua kutamka, neno lake la kwanza lilikuwa "bibi". Tunu kwa furaha akapiga simu Muheza, akaiweka kwenye mdomo wa mtoto.

"Bibi," Zena akaita. "Bibi. Bibi."

Upande wa pili Tunu alizisikia pumzi za mama yake, akasikia pia kwamba analia.

"Mlete," hatimaye Bi Mwantumu akasema. "Nikimwona mdomo, nitamwitikia."