Aliyechomoa Rota ya Pijo

Siku historia ya uhalifu wa Kanda ya Ziwa itakapoandikwa na watu wenye akili, sura nzima itengwe kwa ajili ya Jumamosi ile, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, jirani na soko la Mwigobero, Musoma. Hakuna damu iliyomwagika. Hakuna mlango uliovunjwa. Kilichoibiwa kilikuwa kidogo kuliko kidole gumba.

Ilikuwa rota ya Pijo 504 la Mzee Isidori Masatu: kipande cha plastiki chenye ulimi wa shaba, kinachogawa moto kwenye plagi. Bila rota, Pijo ni banda la kuku lenye usukani. Mzee Isidori, karani mstaafu wa pamba, hakuwahi kumruhusu fundi yeyote aliguse gari lake. Kabureta alisafisha mwenyewe kwa mswaki wa zamani. Bomba la moshi aliliziba kwa bati la kopo na waya. Milango ndiyo iliyomshinda kufunga, kwa hiyo kila jioni alichomoa rota, akaitia kwenye kopo la majani ya chai sebuleni, na kabla ya kulala akalitikisa. Likilia, analala.

Ijumaa saa tatu usiku lililia. Asubuhi alilifungua akakuta kipande cha sabuni.

"Nimeibiwa!"

Dada yake mkubwa, Dorkas, alitoka chumbani akifunga kitenge. Huyu ni sajenti mstaafu wa polisi, siku hizi anauza dagaa. Alikuwa amelala hapo ili apate lifti ya Butiama. Pijo lilitakiwa kuondoka saa moja, limshushe yeye, kisha limfikishe Bunda Eliud, mtoto wa nyumba hiyo, aliyekuwa anarudi shule ya bweni baada ya likizo fupi. Eliud ni kijana wa kidato cha tatu, mpole, mpenda haki na mzuri wa sura. Kelele zilipoanza alikuwa uani akinawa uso kwa kipande cha sabuni ya kijani alichomwomba mama yake jikoni. Mara moja akachukua daftari, akajitolea kuwa karani wa upelelezi.

"Mwizi ni Keraryo," alisema Mzee Isidori. "Jana saa mbili usiku alileta spana yangu. Nilimwacha sebuleni peke yake nikaenda kumtafutia nyingine, namba kumi na tatu. Ana Pijo lake limekaa juu ya mawe mwaka wa pili."

Keraryo, fundi wa gereji ya jirani, aliitwa. Alifika saa kumi na mbili na nusu, mikono myeusi hadi viwiko.

"Rota yangu iko wapi?"

"Mzee Isidori, mimi niibe rota?"

"Na sabuni ukaniwekea, unidhihaki!"

"Sabuni gani? Mimi nanawaga na mafuta ya taa na mchanga. Sabuni ya mche naionaga harusini tu."

"Utayasema hayo kwa mwenyekiti wa mtaa. Saa moja kamili tunakwenda. Na nikitoka hapo natangaza sokoni."

Keraryo alikaa kwenye ngazi. "Mzee, nikiitwa mwizi leo, kesho nani ataniachia gari lake? Nitawalisha nini watoto?"

Karani aliandika: *Mtuhumiwa anatetemeka.*

"Isidori, nyamaza kidogo," alisema Dorkas. Alikirudisha kile kipande kwenye kopo, akalitikisa. Kwa, kwa, kwa. "Jana lililia hivi?"

"Hivyo hivyo."

"Basi huenda usiku ulilala kwa mlio wa sabuni. Aliyeiweka alijua kwamba unalitikisa. Nani anajua?"

Mzee Isidori alitazama chini. "Sijawahi kulitikisa mbele ya mgeni. Ni aibu, mtu mzima kama mimi."

"Kwa hiyo Keraryo hajui."

"Kutikisa nini?" aliuliza Keraryo.

Macho yote yakamgeukia Mama Eliud, mlangoni, mwiko mkononi. Ilijulikana wazi kwamba hakuwa na mapenzi na lile gari.

"Wifi, usinitazame hivyo," alisema. "Mke mwenza huyu ningetaka kumwondoa, ningemsukumia ziwani mzima mzima. Rota ya nini?"

Dorkas alicheka, kisha akakileta kile kipande puani. Kilikuwa cheupe chenye michirizi ya bluu, kingo zake zimenyooka kama zimekatwa kwa rula.

"Sabuni ya jikoni ni ya kijani. Hii imetoka wapi?"

"Nyeupe kama hiyo nilimnunulia Eliud jana, mche mmoja, wa kwenda nao shule."

Dorkas alimgeukia karani. "Una mche mzima. Asubuhi umeomba sabuni jikoni kwa nini?"

"Kubana matumizi, shangazi."

"Ulete. Mikono yangu inanuka dagaa."

"Uko chini kabisa ya sanduku. Nguo nimeshazikunja."

"Zikunjue."

Mche uliletwa. Dorkas aliuinamisha kwenye mwanga, akaona mstari mwembamba uliozibwa kwa sabuni iliyolowekwa. Aliuvunja gotini. Rota ikaangukia sakafuni, na kile kipande kikaingia kwenye tundu lake kama jino kwenye fizi.

"Mwizi wa mtaani angeweka jiwe kwenye kopo," alisema. "Nani anayeona uchungu kutupa sabuni kiasi hiki? Anayelala bweni. Eliud, kuna nini Bunda?"

Eliud ni mimi.

Kuna barua ya mkuu wa shule, ambayo ilikuwa chini ya sanduku hilohilo. Nilibandika tangazo kwamba, kwa agizo la bodi, Alhamisi uji utabadilishwa kuwa chapati. Wanafunzi mia nne walipanga foleni na sahani, mwalimu wa zamu akiwa wa tatu. Mzazi anaitwa. Pijo lisingewaka, ningepandishwa basi peke yangu, na baba asingefika ofisini.

Hilo halinitesi sana. Linalonitesa ni lile neno *anatetemeka*. Nililiandika kwa mwandiko mzuri, nikijua rota ilipo.

Baba hakunipiga. Aliiokota rota, akaifuta kwa shati lake, akasimama mbele ya Keraryo. Akamnyooshea.

"Ifunge wewe."

Miaka kumi na sita nimeishi na gari lile. Sijawahi kuona mkono wa mtu mwingine ukiingia chini ya boneti. Liliwaka kwa jaribio la kwanza. Nilimpelekea Keraryo maji na nusu ya mche.

"Leo kwangu ni harusi," alisema akinawa. Hakunitazama.

Maelezo haya nimeyaandika kiti cha nyuma, kwa amri ya shangazi. Aliyasoma kabla ya kushuka Butiama. Hakufuta kitu, ila pale penye "mzuri wa sura" amepiga mstari na kuandika pembeni: *Shahidi ni nani?*

Sina shahidi. Bunda tunaingia sasa, na baba amechomekea shati lake, tayari kumwona mkuu wa shule.