Anachotaka Kinyozi

Nyumbani kwa Kinyozi, siku ilianza na uji. Mkewe aliupika, binti yao akaupoza, wakamwendea kitandani na bakuli. Kinyozi akafumba mdomo.

Alikuwa amepatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, na maneno yakampotea. Huyu ndiye aliyekuwa akikunyoa huku akikupa habari za mtaa mzima bila kuulizwa. Sasa alibaki na sauti moja tu: "Mmh."

Basi wakawa wanamsemea. Binti akisema baba anataka kulala, taa inazimwa. Mkewe akisema mzee anataka joto, blanketi linaongezwa, na nje jua linachoma. Walimpenda kupita kiasi, lakini hawakumwuliza kitu. Naye akazidi kukonda. Mkewe alianza kuogopa kwamba mumewe ameamua kufa.

Akamwita muuguzi wa kituo cha afya. Muuguzi alimketisha Kinyozi wima, akampa maji kidogo kidogo kwa kijiko, akamtazama akimeza. Koo lilikuwa salama.

"Anataka nini?" akauliza.

"Anataka uji," mkewe akajibu.

"Hilo amelisema yeye, mama?"

Mama akamtazama mumewe, kisha bakuli la uji. Muuguzi akawaeleza kwamba kiharusi kinaweza kumnyang'anya mtu maneno na kumwachia akili zake zote. Chakula anakihitaji, hilo wanalijua wote. Anachotaka anakijua mwenyewe. Kwa hiyo wamwulize swali moja fupi. Wamwonyeshe vitu viwili, achague. Kisha wasubiri.

"Na akikataa?" binti akauliza.

"Mwaminini. Kukataa nako ni kujibu."

Wakajaribu. Uji au chai? Akavisukuma vyote. Kitandani au kitini? Akatazama kiti. Wakamkalisha kitini, mkewe akimshikilia upande uliolegea. Polepole Kinyozi akainua mkono wa kushoto, akagusa kidevu.

Mkewe alitaka kusema kwamba anawashwa. Akajiuma ulimi. Binti akaleta kitambaa cha kumfutia uso. Baba hakukitazama. Binti akafikiri, kisha akafungua sanduku la kazi la baba yake, akatoa mashine ya kunyolea.

Kinyozi akaishika, machozi yakamlengalenga.

Ndevu zake zilikuwa zimeota ovyo, na uji wa jana umekaukia humo. Mtu aliyewapendezesha majirani wote alikuwa akilishwa katika hali hiyo, mbele ya kila mgeni. Aliona aibu, basi.

Binti akamnyoa. Alipoteleza karibu na sikio, baba alitoa "Mmh" kali, na wote wakacheka, kwa sababu hiyo haikuhitaji mtu wa kuieleza. Akajitazama kwenye kioo, shavu hili, kisha shavu lile.

Mkewe akaleta bakuli. Safari hii hakumsogezea mdomoni.

"Unataka, mzee wangu?"

Akasubiri. Kinyozi akaitikia kwa kichwa, akachukua kijiko kwa mkono wa kushoto. Akala. Uji kidogo ukamwagikia kidevuni. Binti akanyanyua kitambaa upesi, kisha akakumbuka.

"Nikufute, baba?"

Kinyozi akatikisa kichwa. Akachukua kitambaa, akajifuta mwenyewe, akarudi kwenye uji wake. Mkewe akakaa chini, akashusha pumzi, akalia kwa furaha.