Mjomba na Betri ya Friji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifungua mlango wa nyuma wa gari la mama yake na kusoma kipimajoto cha friji. Mama alikuwa daktari wa mifugo, na ndani ya friji hiyo ndogo alihifadhi chanjo za kuku. Friji ilikuwa na betri yake yenyewe, mbali na ile ya kuwashia gari, iliyofungiwa kwenye sanduku chini ya kiti. Ikichajiwa jioni, iliendesha friji hadi asubuhi bila wasiwasi.

Siku hizi mambo yalikuwa mengine.

"Kumi na tatu!" Chiriku alipiga kelele Jumatatu. "Mama, friji imepata joto tena!"

Mama alitazama boksi zima la chanjo zilizoharibika, akashusha pumzi. "Chaja ilikaa saa nne nzima jana. Huu umeme unakwenda wapi?"

Chiriku alikuwa na jibu, ila hakulitamka. Jibu lenyewe lilikuwa mjomba, mdogo wake mama, aliyehamia kwao mwezi uliopita ili awe dereva wa gari hilo. Mtu gani huyu, anakula kimya, na simu yake ikilia anatoka nje? Bila shaka alikuwa akinyonya umeme wa betri kwa mambo yake.

Basi akaanza kumchunga. Mjomba akikohoa tu, Chiriku masikio wima. Mara mbili mjomba alimwita, "Mpwa wangu, njoo nikuambie kitu," na mara mbili Chiriku akasingizia kazi za shule, akatokomea.

Alhamisi alfajiri alijibanza nyuma ya pipa la maji. Mjomba alikuja akinyata, akatazama huku na huku, akavaa glavu na kufungua sanduku la betri. Alitoa chupa mfukoni, akaanza kumimina.

"Mama! Njoo uone! Mjomba anaiua betri!"

Mama alitoka mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. "Unatia nini humo, mdogo wangu?"

"Maji ya betri, dada," mjomba alijibu taratibu. "Yamekauka mpaka mabati ya ndani yanaonekana. Betri kavu haishiki umeme, hata uichaji kutwa. Nilitaka niongee na mtoto kwanza, kabla wewe hujajua, lakini ananikimbia kama nina upele."

Mama alichukua daftari la gari, akalifungua polepole. Kukagua maji ya betri kila Ijumaa ilikuwa kazi ya Chiriku. Ijumaa zote sita zilizopita zilikuwa na alama ya vema, kwa mwandiko wake.

Chiriku alihisi uso unawaka. Angeweza kusema betri inavuja. Maneno yalishafika kwenye ulimi, kisha akayameza.

"Sikufungua hata siku moja, mama," alisema. "Vifuniko vilikuwa vigumu, nikaona uvivu. Nilitia vema tu." Akamgeukia mjomba. "Nisamehe, mjomba. Nilidhani wewe ndiye mwizi."

"Mwizi wa maji ya betri!" Mjomba alicheka, kwa mara ya kwanza tangu ahamie. "Njoo basi, vaa glavu."

Alimfundisha hatua kwa hatua: maji yafunike mabati kwanza, betri ichajiwe, ndipo yaongezwe mpaka kwenye alama. Maji ya bomba hapana, yana chumvi. Unga mweupe ulioganda kwenye vichwa vya betri, pale nyaya zinapofungwa, waliusugua mpaka ukaisha. Siku hiyo chanjo zilisafiri kwenye barafu, lakini asubuhi ya Jumamosi kipimajoto kilisoma nyuzi tano, baridi inayozifaa chanjo.

Mama alimkalisha Chiriku mlangoni mwa gari.

"Wiki nzima ulikuwa na macho ya kumchunga mjomba wako," alisema, "na betri hukuipa hata dakika mbili. Ukimshuku mtu, muulize. Na kazi ambayo hujaifanya, mwanangu, usiiwekee vema. Acha nafasi wazi, uje uniambie. Nitakugombeza, halafu tutaifanya pamoja."