Hali Shwari, Sentimita Arobaini

Mwili wa Mzee Abdi ulipatikana Jumanne, tarehe 8 Aprili, saa sita na robo mchana, umenaswa kwenye kamba za turubai la sherehe. Turubai lilikuwa limefungwa jana yake bondeni, chini ya kijiji cha Mlali, kwa ajili ya wakubwa waliokuwa waje saa nne kuzindua banio jipya la maji ya umwagiliaji. Mto ulifurika, ukashuka kutoka milima ya Uluguru saa tatu na dakika arobaini. Wakubwa walikuwa bado njiani, wakageuza magari. Mzee Abdi alikuwa shambani tangu alfajiri anaamia ndege kwenye mpunga, na yeye hakuwa na gari la kugeuza.

Koplo Kasimiri wa polisi alimkuta Bi Hafidha, mke wa marehemu, amekaa kwenye tope, simu ya mumewe mkononi.

"Pole sana, mama."

"Aliiangalia hii kabla hajatoka," alisema Bi Hafidha. "Akasema, mto umelala, ngoja niende. Mwanangu, huu ndio mto uliolala?"

Kasimiri aliichukua simu. Kwenye kundi la WhatsApp liitwalo Macho ya Mto kulikuwa na ujumbe wa saa moja na dakika ishirini asubuhi, umetumwa na Godlisten, msimamizi wa mradi wa bonde. *Picha ya Luqmani, kituo cha juu. Imepigwa saa 1:05. Sentimita 40. Hali shwari.* Picha ilionyesha nguzo ya mbao yenye namba, maji safi yamefika arobaini, na nyuma ya nguzo, juu ya jiwe, tenga la karoti zilizooshwa. Basi. Chini yake watu sitini na wawili walikuwa wameweka dole gumba.

Kufika saa tisa alasiri, Luqmani, kijana aliyetajwa kwenye ujumbe, alikuwa mahabusu. Inspekta Jesca hakupoteza muda.

"Kijana ametuma picha ya uongo, mtu amekufa. Andika maelezo, Koplo, tufunge jalada."

"Afande, picha aliyeituma kwenye kundi ni Godlisten."

"Godlisten amepokea, akasambaza. Usinitafutie kazi."

Kasimiri alikuwa na miaka hamsini na saba, na ukoplo miaka kumi na tisa. Aliishia darasa la saba. Vijana aliowafundisha kuandika maelezo sasa aliwapigia saluti. Mkewe alifia kwenye benchi la hospitali akisubiri mganga mkuu arudi kutoka kikaoni asaini karatasi ya rufaa, na tangu siku hiyo neno "funga jalada", kama karatasi zote za wakubwa, hakulivumilia. Alipiga saluti, akatoka, na jalada hakulifunga.

Jumatano, saa mbili asubuhi, alikuwa Mafiga, kwenye ofisi ya Dokta Winfrida, mtafiti wa mito. Mama huyo alikuwa amerudi usiku kutoka Dodoma na macho yalikuwa yamevimba.

"Kifaa kimoja cha kupima mto ni bei ya gari, Koplo. Nimeandika maombi miaka sita," alisema. "Basi nikasema, watu wana simu. Nikatafuta wakulima kumi na wanne huko juu, kila asubuhi wapige picha ya nguzo, watume kwenye kundi. Mimi napata takwimu za utafiti, watu wa chini wanajua mto ukoje. Ukurasa wetu wa Facebook unafuatwa na watu elfu sita. Wengine wananiuliza maswali ambayo wanafunzi wangu hawajawahi kuniuliza."

"Sasa mbona picha imetoka kwa Godlisten, siyo kwa Luqmani mwenyewe?"

Dokta alishusha pumzi. "Jumapili wakubwa walinibana. Wakasema taarifa za mto lazima zipite kwa msemaji mmoja. Nikakubali kundi lifungwe, wawe wanaandika wasimamizi tu, yaani mimi na Godlisten. Wapimaji wamtumie yeye pembeni, yeye ndiye aweke. Nilikubali ili nisinyimwe kibali. Hilo ni kosa langu." Aligeuza simu amwonyeshe. "Tangu Luqmani akamatwe, wapimaji kumi na mmoja wamejitoa. Nani atakayepiga picha ili afungwe?"

Godlisten alikuwa ofisini kwake Kihonda, shati limenyooka, kikombe cha chai mezani.

"Mzee, karibu. Hiki kitu kinasikitisha sana."

"Picha aliyokutumia Luqmani ninaweza kuiona?"

"Nilifuta. Simu ilijaa, napokea picha kumi na nne kila siku. Lakini ndiyo hiyohiyo iliyoko kwenye kundi, sikubadili kitu."

"Wewe jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, napanga sherehe. Katibu wangu Josephina shahidi. Mlimani sijapanda tangu Februari."

"Luqmani unamwonaje?"

Godlisten alicheka kidogo. "Mzee wangu, hawa ni watu wa kubembelezwa. Kijana ana haraka ya kwenda kuzika, majembe kayaegemeza kwenye nguzo ya kupimia kama ukuta wa kwao. Hapo unategemea kazi gani? Amepiga picha mguu nje mguu ndani."

Kasimiri aliandika yote. Alikuwa anaandika polepole, neno kwa neno, tabia ambayo Inspekta alikuwa akiichekea mbele za watu.

Mchana alipanda Mlali kwa bodaboda, kisha akapanda kwa miguu saa nzima. Alikuwa anamtafuta Stambuli. Huyu aliwahi kuwa mpimaji kabla ya Luqmani, akafukuzwa kwa kurudia kutuma picha za zamani, na watu walisema ameapa kijana hatadumu.

"Niliapa, ndiyo," alisema Stambuli, mzee mkavu, ameketi kizingitini. "Na nilisema mbele ya watu. Ila jana nilikuwa ndani ya kaburi, mwenzangu. Tulikuwa tunamchimbia bibi yetu tangu saa kumi na mbili. Waulize watu thelathini."

"Simu yako?"

"Simu ninayo ya tochi. Unataka nipige picha kwa tochi?"

Kasimiri alimpa ya kwake, yenye picha ile. Stambuli aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, halafu akaguna.

"Hii ya lini?"

"Jana asubuhi."

"Nani kakudanganya? Hizi karoti. Huku kukiwa na maiti ndani, hakuna anayeng'oa hata mchicha mpaka tumezika. Jembe linalotoka ni la kaburi tu. Jana asubuhi nani angeosha tenga la karoti mtoni na bibi hajazikwa? Angepigwa na wanawake wenzake!"

Kasimiri alikaa chini kwenye jiwe. Picha ilikuwa ya siku nyingine.

Lakini alipokuwa anashuka, furaha ilimtoka. Picha kuwa ya zamani haikumwokoa Luqmani. Ilimzamisha. Mtu ana msiba, anawahi maziko, anatuma picha ya zamani. Inspekta angesema nini kingine? Aliomba kumbukumbu kutoka kampuni ya simu zionyeshe kijana alituma nini na saa ngapi. Akaambiwa ombi linasubiri saini ya mkubwa, na mkubwa yuko semina. Wiki mbili.

Saa kumi na moja jioni alimtoa Luqmani mahabusu amhoji.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nieleze jana asubuhi. Usiruke kitu."

"Nilitoka na majembe mawili ya kaburi, nimetumwa niyapeleke makaburini. Nikasema nipitie mtoni kwanza. Maji yalikuwa mekundu, yamefika mia na thelathini. Nilikuwa peke yangu. Nikaegesha majembe kwenye nguzo ili nipate mikono ya kushika simu, nikapiga. Nikapanda kwenye kilima chenye mtandao, nikamtumia Godlisten saa moja na dakika kumi na mbili. Nikaenda kuzika."

"Halafu?"

"Tulipomaliza, saa tatu, nikarudi kilimani. Nakuta kwenye kundi picha siyo yangu, jina langu. Sentimita arobaini! Watu wanaweka dole gumba, na mimi siwezi kuandika, kundi limefungwa. Nikampigia Godlisten mara nne, hapokei. Nikakimbia kushuka. Mto ukanikuta kivukoni, simu ikaenda na maji, nusura na mimi." Aliangalia sakafu. "Mzee Abdi alinifundisha madrasa, afande."

Kasimiri alikuwa anarudisha kurasa za daftari lake, mate kidoleni.

"Haya majembe ulimwambia nani?"

"Majembe? Nimwambie nani habari ya majembe? Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Alhamisi, saa tatu asubuhi, waliketi wanne ofisini kwa Dokta Winfrida: Dokta mwenyewe, Inspekta Jesca, Godlisten na Kasimiri. Inspekta alikuwa anaangalia saa.

"Koplo, una dakika kumi."

"Zinatosha, afande. Bwana Godlisten, picha hii ni ya zamani." Akaeleza habari ya karoti na maiti.

Dokta aliivuta simu, akaikuza picha kwa mara ya kwanza. "Ni yangu! Niliipiga mwenyewe Novemba, tukaiweka kwenye ukurasa wetu."

Godlisten alitikisa kichwa kwa huzuni. "Si ndiyo nilivyosema? Kijana amechukua picha ya zamani akanitumia. Mimi ningejuaje mambo ya karoti na misiba ya huko? Mimi siyo wa huku."

"Kweli, hungejua," alisema Kasimiri. "Picha uliyopokea ilikuwa hiihii?"

"Hiihii."

"Hukupokea nyingine?"

"Sikupokea."

Kasimiri alifungua daftari, akasoma polepole kama alivyoandika. "'Majembe kayaegemeza kwenye nguzo ya kupimia kama ukuta wa kwao.' Maneno yako, jana, saa nne kasoro robo. Nionyeshe jembe kwenye picha hii."

Godlisten aliisogelea picha, akajiegemeza tena kitini.

"Watu waliniambia," alisema Godlisten.

"Watu gani? Kijana alikuwa peke yake, na hakumwambia mtu. Wewe mlimani hujapanda tangu Februari. Majembe yale yaliegemea ile nguzo dakika mbili tu duniani, na yakabaki kwenye picha moja. Uliyaona wapi?"

"Mzee, usinichanganye..."

"Lete simu," alisema Inspekta Jesca, safari hii bila kuangalia saa.

Aliitafuta picha mwenyewe, kwenye sehemu ya picha zilizofutwa, ambako simu huzihifadhi siku thelathini kabla ya kuzitupa. Ilikuwepo. Maji mekundu, mia na thelathini, majembe mawili ya kaburi.

Godlisten aliweka viganja usoni. "Mkubwa alinipigia saa kumi na mbili na nusu. Akasema, leo sitaki taharuki, wageni wakisikia mafuriko hawaji, na hiyo nafasi ya kazi unayoingojea Dodoma uisahau. Nikasema mafuriko yatafika bondeni jioni, sherehe itakuwa imekwisha. Mara zote hufika jioni!"

"Mara zote unazozijua wewe," alisema Dokta Winfrida. "Ndiyo maana tunapima!"

Kasimiri alichukua kalamu. "Jina la huyo mkubwa?"

"Koplo," alisema Inspekta kwa sauti ya chini. "Andika aliyebonyeza simu."

"Afande, aliyeamuru..."

"Andika aliyebonyeza simu. Unastaafu lini wewe?"

Kasimiri aliandika jina la mkubwa pia, kwa herufi kubwa. Karatasi hiyo, Jumatatu ilipopelekwa mbele, ilikuwa imepungua jina moja.

Luqmani aliachiwa Alhamisi hiyohiyo saa kumi jioni. Mama yake, Mwanaasha, alikuwa amesimama getini na shati safi mkononi, akamvalisha palepale kama mtoto. Dokta Winfrida alikuja na simu mpya, bado iko kwenye boksi.

"Kundi nimelifungua, Luqmani. Kila mtu anaandika mwenyewe sasa, hapiti kwa mtu. Nakuomba."

Kijana aliliangalia boksi, mikono akaiweka nyuma.

"Samahani, Dokta. Sina ugomvi na wewe. Lakini hiyo mpelekee yule aliyekuwa anasubiriwa kwenye turubai. Apande yeye akapige."

Akamshika mama yake mkono, wakaondoka kufuata barabara. Dokta alibaki na boksi lake, Koplo amesimama pembeni. Juu, Uluguru ilikuwa imeshafunikwa na wingu jeusi mpaka kiunoni, mvua inanyesha huko tangu saa nane, na katika bonde zima hakukuwa na mtu aliyejua mto umefika wapi huko juu.