Grisi Kwenye Reli ya Cwm Hesgin

Sajini Nesta Probert alipitisha kidole juu ya reli, kikarudi na grisi. Akajaribu reli ya pili. Grisi vilevile. Hatua chache mbele, zote mbili zilikuwa kavu.

"Hii haikudondoka," alisema. "Imepakwa."

Ilikuwa saa nane na nusu mchana, nje kidogo ya kituo cha Pont Hesgin, Wales, kwenye reli ya zamani ya Cwm Hesgin ambayo wapenzi wake bado wanaendesha treni za mvuke kwa kujitolea. Asubuhi hiyo Delyth Hopkin, aliyetia makaa miaka minane kabla ya kupewa udereva, aliondoa treni yake ya kwanza hapo. Magurudumu yakazunguka bure, treni ikashtuka, na Ifor, mtia makaa wake, akaangukia mlango wa tanuri. Mkono wake uliungua vibaya. Saa kumi na mbili jioni kamati ya reli hiyo ilikuwa ikutane kumnyang'anya Delyth leseni. "Kafungulia mvuke kwa pupa," walishasema, na wengine walisema kwa furaha kabisa, eti kwa kuwa ni mwanamke. Watu wana roho mbaya jamani!

Delyth alikuwa kwenye benchi la kituo.

"Nilifungua taratibu, Sajini, haki ya Mungu. Lakini kama ni mimi niliyemuunguza Ifor, hiyo leseni hata siitaki."

"Tulia, dada. Kwanza nijue nani alikuwa hapa."

Waliokuwepo ni wapiga picha. Watu hawa nimeishi nao: watanyeshewa tangu alfajiri wakisubiri moshi wa dakika moja, na wingu likiziba jua wanakaribia kulia. Nesta alianza na Clive Botwood, aliyeikodi treni hiyo ili yeye na wenzake waipige picha.

"Jana baa uliapa kufanya juu chini upate moshi."

"Nikamnunulia Ifor bia ili azidishe makaa! Hilo nalo kosa?" Clive alifoka. "Halafu mimi nilikuwa kule juu mlimani, darajani, na wenzangu wote. Moshi uko mlimani, mama, treni inapohema. Hapa kituoni inaondoka kwa kunyata. Nani mwenye akili zake atapiga picha hapa?"

"Hakuna hata mmoja?"

"Labda Gethin, babake Delyth. Magoti yanamsumbua, alishindwa kupanda."

Nesta alimkuta Gethin Hopkin nyuma ya uzio, anapakia ngazi garini. Hakupenda swali alilokuwa nalo.

"Ngazi ya nini, mzee?"

"Uzio mrefu huu. Bila kupanda huoni kitu."

"Umesimama juu yake muda gani?"

"Kama saa nzima."

"Na hayo magoti?"

Gethin akaisukuma ngazi ndani ya gari.

"Miaka yote unapiga picha treni," Nesta alisema. "Unajua hapa hakuna moshi. Leo umepanda ngazi na magoti mabovu, saa nzima, ukisubiri nini?"

Delyth alikuwa amewafuata. "Baba?"

Mzee hakumtazama. "Ilikuwa safari yako ya kwanza, mwanangu. Kule darajani wangekupiga picha wote. Nilitaka picha iwe yangu peke yangu. Nikapaka kidogo tu, magurudumu yateleze, moshi upande, basi."

"Ifor ameungua, baba! Na mimi mchana kutwa najilaumu, unanisikia, umenyamaza!"

"Niliogopa."

"Ungewaacha wachukue leseni yangu?"

"Ningesema. Kabla ya kikao ningesema."

Hakuna aliyemwamini, na sidhani kama yeye mwenyewe alijiamini. Nesta aliipigia simu kamati, akawaambia dereva hana kosa. Kisha akanyoosha mkono.

"Kamera, mzee. Na wewe tunaondoka wote."

Gethin aliiwasha, lakini akampa binti yake kwanza. "Itazame tu. Maisha yangu yote sijawahi kupata picha kama hii."

Ilikuwa kweli. Moshi mweusi ulipanda mpaka ukatoka nje ya picha, mvuke mweupe umefumuka pande zote, na jua limeupiga ubavuni. Delyth aliitazama kwa muda. Akaikuza, akatafuta dirisha la dereva. Mvuke ulikuwa umelifunika lote.

"Nzuri," alisema, akamrudishia. "Mimi niko wapi?"